Hati ina jina langu: je, tuta la mchanga nalo ni langu?

SWALI: "Mimi na mume wangu tumenunua nyumba ya zamani ufukweni. Kati ya nyumba na bahari kuna tuta la mchanga la kimo cha kama mita nne, limeota majani, na pana kibao kinachosema ni eneo la hifadhi. Lakini mpaka wetu kwenye hati unapita upande wa pili wa tuta, yaani tuta liko ndani ya kiwanja. Tunataka kubadilisha paa, kuongeza baraza la mbao mita tano kuelekea baharini, kuchimba bwawa dogo la kuogelea, na kujenga ukuta wa zege chini ya tuta ili bahari isije ikatufikia. Mkandarasi anasema kibali cha kawaida cha ujenzi kinatosha kwa sababu kila kitu kiko ndani ya mipaka yetu, na kwamba majirani wote wameshajenga. Wiki mbili zilizopita mafundi walikata njia ya upana wa mita mbili katikati ya tuta ili tupate pa kupita na tuone bahari. Mchanga waliumwaga kando ya uzio. Tangu hapo mchanga unaingia mpaka sebuleni, tunafagia asubuhi na jioni. Je, tumekosea? Na tuanzie wapi?"

JIBU:

Dada yangu, nianze na huo mchanga wa sebuleni, maana umeshakujibu nusu ya swali kabla yangu. Mwezi uliopita haukuwamo. Tuta lilikuwa likiushika. Leo katikati ya tuta kuna mlango wa mita mbili, na upepo umeuona kabla hata ninyi hamjaanza kuutumia.

Kwa hiyo ndiyo, mmekosea, lakini kosa lenyewe bado ni bichi na linarekebishika. Naomba msimamishe kazi zote za upande wa bahari leo hii. Paa ndilo jambo jepesi kuliko yote uliyoyataja. Baraza linawezekana mkikubali kulibadilisha. Bwawa linategemea litakaa upande gani wa nyumba. Ukuta wa zege nitakueleza kwa nini nisingeuomba hata kama ningehakikishiwa kuupata. Na ile njia ndiyo ya kwanza kushughulikiwa, kabla ya yote mengine.

Mkandarasi wenu amechanganya mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Hati inasema ardhi ni ya nani. Haisemi ardhi hiyo ifanyiwe nini. Kiwanja kinaweza kuwa chenu hadi pale mawimbi yanapokomea, na bado msiruhusiwe kuchomeka koleo. Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au wa ziwa la asili. Mita hizo 60 hazijali uzio wako uko wapi. Hispania ilikwenda mbali zaidi: Sheria ya Pwani ya mwaka 1988 iliyahesabu matuta ya mchanga kuwa sehemu ya mali ya umma, na watu waliokuwa na nyumba humo wakajikuta umiliki wao umegeuka ruhusa ya kutumia yenye ukomo wa miaka. Afrika Kusini, kanuni za mazingira za mwaka 2014 zinataka uombe idhini ukitaka kuhamisha zaidi ya mita 5 za ujazo za mchanga kutoka ufukweni. Hicho ni kiasi cha tipa moja dogo. Sasa tupige hesabu ya njia yenu: upana mita 2, na tukisema tuta lina unene wa mita 10 na mafundi walishuka mita moja na nusu kwa wastani, mmehamisha mita 30 za ujazo. Si kazi ndogo ya bustani hata kidogo.

Sijui mko nchi gani, na sheria yenu ndiyo itakayosema neno la mwisho. Lakini kibao cha hifadhi kinatosha kuniambia kwamba kuna mamlaka nyingine, mbali na ofisi ya ujenzi, yenye sauti juu ya mchanga huo. Kibali cha ujenzi kinahusu uimara na mpangilio wa jengo. Kibali cha mazingira au cha pwani kinahusu mahali. Kimoja hakisimami badala ya kingine, na mara nyingi ofisi ya ujenzi haiulizi kama mnacho hicho cha pili. Mtu anajenga akiwa na karatasi halali mkononi, kisha anapata barua ya kubomoa akiwa bado na karatasi hiyohiyo halali. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na linaumiza kwa sababu mtu hakudanganya popote. Aliomba kibali kimoja tu pale palipotakiwa viwili.

Jambo la pili ni huo "mstari". Watu hudhani kuna mstari mmoja ufukweni: mbele yake marufuku, nyuma yake ruhusa. Haiko hivyo. Jimbo la Florida, Marekani, lina mstari wa udhibiti wa ujenzi wa pwani, lakini mstari huo haukatazi kujenga. Unasema tu kwamba kuanzia hapa kuelekea baharini, jimbo lenyewe lazima liidhinishe. North Carolina haipimi kutoka kwenye maji. Inapima kutoka ukingo wa kwanza wa mimea iliyoshika vizuri, na nyumba ndogo inatakiwa ikae nyuma ya ukingo huo kwa umbali wa mara 30 ya kasi ya mmomonyoko wa mwaka, usiopungua futi 60. Pwani ikiliwa futi 4 kwa mwaka, unarudi nyuma futi 120. Kwingine wanapima kutoka alama ya maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kwingine kutoka mguu wa nyuma wa tuta. Kwa hiyo ukifika ofisini usianze na "naruhusiwa?" Anza na "mnapimia wapi?" Jibu la swali hilo linaweza kuhamisha baraza lako mita 20 kwenye ramani.

Na hapo kuna jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote nitakayoandika: vipimo hivyo vyote vinaanzia kwenye kitu kinachotembea. Ukingo wa mimea wa mwaka huu si wa mwaka ule nyumba yenu ilipojengwa. Kule Skagen, Denmark, mchanga ulilifukia kanisa mpaka likafungwa mwaka 1795, na leo kimebaki kusimama mnara tu. Si mbali na hapo, tuta la Råbjerg Mile bado linasogea kama mita 15 kila mwaka. Tuta lenu halina kasi hiyo, kwa sababu limevaa majani. Lakini sheria ya matuta huandikwa na watu wanaojua kwamba tuta la leo litakuwa pengine kesho, na wanataka mjenge kitu kinachoweza kuishi na hilo.

Twende juu ya tuta kidogo. Chota mchanga wa kileleni, uuweke kiganjani. Utaona punje zinalingana, ndogo, kama robo ya milimita. Kisha shuka uchote wa pale maji yanapokomea: umechanganyika na vipande vya makombe na punje nene. Hizo za juu zimechaguliwa na upepo. Mchanga mkavu ukipigwa na upepo wa kama mita 5 au 6 kwa sekunde, punje zinaanza kudunda. Haziendi juu, nyingi hupita chini ya goti. Kila punje inapotua inazigonga nyingine, nazo zinaruka, na hivyo ufukwe mzima unatembea. Zinapokutana na jani, upepo unapoa nyuma ya jani na punje zinaanguka papo hapo. Jani linafukiwa, mmea unachipua juu zaidi, unashika mchanga mwingine, unafukiwa tena. Mita zenu nne zilipatikana hivyo. Ule mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika kama kwato la mbuzi, ambao mafundi huufyeka wakidhani ni gugu, ndio nondo za tuta.

Sasa kata njia katikati. Upepo uliokuwa ukitawanyika juu ya majani unabanwa kwenye upenyo, unaongeza kasi, unaanza kula kuta za njia. Mizizi inaning'inia nje, inakauka, kipande kinaporomoka, njia inapanuka. Mita mbili zinakuwa tatu. Wakati huohuo mchanga uliotoka unasukumwa nyuma ya tuta, yaani kwenu. Mnachofagia jioni ni tuta lenu likihama.

Bahari nayo ina hesabu yake na tuta hilo. Dhoruba ikija siku za bamvua, mawimbi yanafika mguu wa tuta na kuubomoa. Mchanga huo haupotei. Unateremka chini ya maji na kutengeneza fungu mbele ya ufukwe, na mawimbi yanayofuata yanavunjikia huko mbali badala ya kuvunjikia kwenu. Miezi ya utulivu, mawimbi madogo yanaurudisha taratibu, upepo unaupandisha, majani yanaushika. Ukipita asubuhi baada ya dhoruba utakuta tuta limekatwa wima kama kwa kisu, na utadhani limeharibika. Hapana. Limefanya kazi yake, na limetoa akiba iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya usiku ule.

Ndiyo maana siupendi huo ukuta. Wimbi likipanda mchanga linachoka: linasambaa, linazama, linarudi dhaifu. Likigonga zege linarudi na nguvu zake, linachimba miguuni mwa ukuta, na kwenye ncha mbili za ukuta linageukia kwa jirani. Akiba ya mchanga iliyo nyuma ya ukuta haitoki tena, kwa hiyo fungu la chini ya maji halijengeki, na mawimbi yanafika yakiwa na nguvu zaidi. Kama pwani yenu inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, ukuta hauizuii kurudi. Unaikinga nyumba tu, huku ufukwe unasinyaa mbele yake mpaka mnabaki na ukuta na maji. North Carolina waliliona hilo mapema wakapiga marufuku kuta ngumu kwenye fukwe za bahari kuu tangu mwaka 1985. Hata huko bahari haijasimama: kijijini Rodanthe nyumba kadhaa zimeanguka majini tangu mwaka 2020. Nakwambia hivi ili ujue kwamba kukataa ukuta kuna gharama zake na wanaokataa wanazijua. Kama upimaji utaonyesha kwamba pwani yenu inaliwa kwa kasi, swali la kweli si ukuta wa aina gani, ni kama nyumba inaweza kusogezwa nyuma ndani ya kiwanja hichohicho. Kwa nyumba ya mbao iliyo juu ya nguzo linawezekana. Kwa nyumba ya mawe ni gumu, na ni afadhali mlijue hilo sasa kabla hamjatia fedha kwenye bwawa.

Umesema pia kwamba mlitaka kuiona bahari. Sikulaumu, mtu hanunui nyumba ya ufukweni ili atazame mchanga. Lakini kuna kesi moja ningependa uijue. Katika mji mdogo wa Harvey Cedars, New Jersey, mji ulijenga tuta la kimo cha kama futi 22 mbele ya nyumba za watu. Wenye nyumba moja wakadai fidia kwa kuzibiwa mandhari, na baraza la wazee wa mahakama likawapa dola 375,000. Kisha mwaka 2012 kikaja kimbunga Sandy, na nyumba zilizokuwa nyuma ya tuta zikanusurika. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikasema fidia haiwezi kuhesabu mandhari yaliyopotea bila kuhesabu pia kinga iliyopatikana. Mwaka huohuo shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola 1. Mimi huisoma kesi hiyo hivi: thamani ya nyumba yenu imo ndani ya tuta, na kulishusha ili muone bahari ni kuuza kinga bila kujua bei yake. Mkitaka kuona bahari, pandeni juu. Sehemu ya kukaa ghorofani, au sakafu iliyoinuliwa, inawapa mandhari bila kugusa punje moja, na ni ombi ambalo ofisa analipitia kwa moyo mwepesi.

Turudi kwenye orodha yenu. Paa, mkibadilisha kwa ukubwa uleule na bila kugusa ardhi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa matengenezo na njia yake ni fupi. Angalieni mambo mawili tu. La kwanza ni mahali pa kuweka mabati na mbao wakati wa kazi, kwa sababu lori likipita juu ya mimea mara nne linaweza kuacha kidonda kitakachochukua misimu kupona. La pili ni jumla ya gharama. Nyumba iliyojengwa kabla ya sheria mara nyingi huvumiliwa mradi isibadilike sana. Marekani, katika maeneo ya mafuriko, maboresho yakifikia asilimia 50 ya thamani ya soko ya jengo, jengo zima linatakiwa lifikie viwango vipya kana kwamba linajengwa leo. Nchi nyingi zina kizingiti cha namna hiyo, kila moja na kiwango chake. Mkiomba paa, baraza na bwawa kwa mkupuo mmoja mnaweza kukivuka bila kukusudia. Msijaribu kuzigawa kazi kwa siri ili kukikwepa. Ulizeni waziwazi, maana ofisi nyingi hujumlisha kazi za miaka kadhaa.

Baraza la mita tano kuelekea baharini ndilo litakalobishaniwa. Pendekezo langu: lipunguzeni, au ligeuzeni lizunguke ubavuni mwa nyumba, na sehemu yoyote itakayokaribia mguu wa tuta iwe juu ya nguzo, sakafu iachwe na nafasi kati ya mbao, juu kiasi cha kupitisha mchanga na mwanga kwa mimea ya chini. Pasiwe na zege juu ya ardhi. Na nguzo ziende chini kwa kina ambacho mhandisi amekikokotoa kwa hali ya dhoruba, si kwa hali ya siku ya jua. Niliwahi kuitwa kukagua baraza zuri sana, mbao ngumu, kazi ya mikono safi. Nguzo zilikuwa zimezama mita moja tu mchangani. Usiku mmoja wa dhoruba na bamvua uliondoa mita moja na nusu ya mchanga. Asubuhi nilikuta baraza limeshikwa na nyumba kwa boliti sita, na nguzo zikining'inia hewani, kila moja na kibonge cha zege mguuni. Mwenyewe alikuwa amesimama chini yake na kikombe cha chai, anauliza kama kinachotakiwa ni kuongeza boliti. Nilimwomba kwanza atoke pale chini.

Bwawa linaleta mambo matatu. Shimo lake ni mita nyingi za ujazo za mchanga, na mchanga huo hauruhusiwi kuondoka au kumwagwa popote mpendapo. Ganda la zege ardhini, mmomonyoko ukilifikia, linakuwa ukuta ambao hamkuuomba. Na kuna maji ya chini, ambayo watu huyasahau kabisa. Chini ya matuta maji ya mvua hujikusanya yakielea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni inayotumika kukadiria ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebeba kama mita 40 chini ya usawa huo. Ukivuta maji ya juu kwa pampu ili shimo likauke mpate kumwaga zege, chumvi inapanda kutoka chini, na anayeonja wa kwanza ni mwenye kisima. Mji wa Lamu, Kenya, unanywa maji yaliyohifadhiwa chini ya matuta ya Shela. Huko ulinzi wa matuta ni ulinzi wa ndoo ya maji ya nyumbani. Kwa hiyo, kama ni lazima muwe na bwawa, liwekeni upande wa nchi kavu, nyuma ya nyumba, dogo na lisilo na kina kirefu, na muonyeshe kwenye ombi maji ya kusafishia yataelekezwa wapi. Ulizeni papo hapo kuhusu tangi la maji taka. Nyumba ya zamani huwa na shimo lililochimbwa enzi ambazo hakuna aliyeuliza, na ofisa makini atalitaka lirekebishwe kama sharti la kibali.

Taa hukuziuliza, lakini nitazitaja. Kama kasa wanataga ufukweni kwenu, vifaranga wakitoka usiku hufuata upande wenye mwanga, na upande huo unatakiwa uwe bahari. Taa nyeupe ya baraza inawavuta waende nyumbani kwenu au barabarani. Wekeni taa chache, za chini, zenye kofia, za rangi ya kaharabu au nyekundu, yaani mwanga wenye urefu wa wimbi wa zaidi ya nanomita 560. Msimu wa kutaga, tarajieni kuambiwa msimamishe kazi kabisa, na mpange ratiba ya mafundi mkilijua hilo.

Sasa ile njia. Msiifukie kwa kifusi, wala kwa udongo mwekundu, wala kwa mchanga wa kununua. Mchanga wa kwingine una punje tofauti na mbegu za kwingine. Msipande mivinje pia, najua itapendekezwa. Kivuli chake na majani yake yanayodondoka huua mimea midogo inayoshika tuta, na dhoruba kubwa huing'oa kirahisi. Kwa leo fungeni njia kwa kamba pande zote mbili, mtu asipite. Pigeni picha zenye tarehe, za njia na za lile lundo la mchanga kando ya uzio, na msiliguse lundo hilo. Ndilo mchanga halisi wa tuta, na inaelekea mtaagizwa kulirudisha. Ukarabati wa kawaida ni kurudisha mchanga huo, kusimamisha uzio mwepesi wa fito wa kimo cha kama mita moja, ambao nusu ni fito na nusu ni uwazi ili upepo upungue bila kuzuiwa kabisa, kisha kupanda mimea ya palepale. Lakini hata huo usiuanze bila ruhusa. Zile kanuni za Afrika Kusini zinataka idhini hata kwa kupanda majani kwenye zaidi ya mita 10 za mraba za tuta kwa nia ya kuushika mchanga. Kutenda wema bila kibali kunaweza kuhesabiwa kosa la pili.

Kisha nendeni mkajitaje wenyewe. Kabla ya hapo onaneni na wakili anayejua sheria za ardhi na mazingira za nchi yenu, kwa sababu mnakwenda kukiri jambo lenye faini, na pengine zaidi ya faini. Sitakuahidi kwamba mtasamehewa. Ninachoweza kusema kutokana na kukaa upande wa pili wa meza kwa muda mrefu ni kwamba mtu anayekuja na picha, tarehe, vipimo na mpango wa kurekebisha hushughulikiwa tofauti na yule aliyegunduliwa kwa picha ya setilaiti. Na jambo hili halifichiki: kovu la mita mbili kwenye tuta la kijani linaonekana vizuri sana kutoka juu. Mkishapona hapo, ombeni njia halali, yaani kijia cha mbao kilichoinuliwa juu ya mimea, chembamba, kilichopinda kidogo ili upepo usipate uchochoro ulionyooka. Hicho huruhusiwa mara nyingi, kwa sababu watu watapita tu, na heri wapite juu ya mbao.

Mnapoandaa maombi, wa kwanza kumlipa awe mpima ardhi mwenye leseni, kabla ya msanifu. Mpima awaonyeshe kwenye ramani moja mpaka wa hati, alama ya maji ya bamvua, ukingo wa mimea, mguu na kilele cha tuta, na tarehe ya kupima. Tarehe ni muhimu kama namba zenyewe. Mkiwa na ramani hiyo, ombeni kikao cha awali na mamlaka ya mazingira kabla hamjachora chochote. Ofisi nyingi hukubali, na wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba. Nendeni na mchoro wa penseli, si ramani iliyokamilika, kwa sababu mtu akishalipia ramani kamili huanza kuitetea. Mtakachoambiwa kikao hicho kiandikeni na mkitume kwao kwa barua ili kiwe na kumbukumbu. Neno la mdomo la ofisa mkarimu halitawasaidia akihamishwa kituo. Ombi lenyewe lieleze pia namna kazi itakavyofanyika: lori litapita wapi, mchanga utakaochimbwa utalala wapi, nani atasimamisha kazi upepo ukizidi.

Kuhusu majirani, usiwachukulie kuwa ushahidi. Mmoja huenda alijenga kabla ya hifadhi kutangazwa, mwingine ana kibali chenye masharti ambayo huyaoni, mwingine ana barua ya kubomoa kwenye droo. Waulizeni kwa upole. Jirani aliyepitia ofisi hizo ana maarifa kuliko mkandarasi wenu.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi, nawe usimwache mtu yeyote ayaamue bila kufika. Kama njia imeshapanuka kupita mita tatu, kama kuna ufa kwenye msingi upande wa bahari, kama maji ya bamvua yameshawahi kuvuka tuta, au kama mita kutoka kona ya nyumba hadi ukingo wa mimea zimepungua tangu mnunue, mnahitaji mhandisi wa pwani aje asimame hapo. Hilo la mwisho unaweza kulianza mwenyewe: shika utepe wa kupimia, anzia kona ileile ya msingi, pima hadi jani la kwanza, andika tarehe. Rudia kila bamvua, bila kukanyaga tuta. Ofisa atakayepokea faili lenu hatakuwa na vipimo hivyo.

Mkipata barua ya kwanza kutoka kwa mamlaka na mkakuta sharti msilolielewa, nitumieni nakala yake pamoja na ramani ya mpima. Nitaisoma.